Muulize Fundi: Kompyuta ya ofisi imekuja na mishahara ya watu

Habari za kazi, dada fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Kimanga. Mwezi uliopita nilinunua kompyuta ya mezani Kariakoo: Dell OptiPlex 7010, Core i5, RAM 4GB, hadidiski ya 500GB, pamoja na skrini ya mraba, vyote kwa shilingi 230,000. Muuzaji alisema imetoka ofisini. Inawaka, lakini inachukua dakika sita mpaka ifunguke, inavuma kama feni ya dari, na kila umeme ukikatika saa yake inarudi mwaka 2013, halafu kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Kubwa zaidi, ndani nimekuta folda ya mishahara: majina ya watu, namba za akaunti za benki, hata picha za vitambulisho. Nimeogopa kuendelea. Nilitaka watoto waitumie kwa masomo, mkubwa yuko kidato cha pili. Je, nimepoteza hela?
Mama wa watatu, Tabata Kimanga

Hela yako haijapotea, mama. Mashine uliyonunua ni imara, na kila ulichokitaja kina dawa. Ila naomba tusianze na kelele wala mwendo. Tuanze na ile folda, kwa sababu umeogopa jambo la kuogopwa kweli.

Watu wale hawajui kwamba namba zao za benki na vitambulisho vyao vimelala Kimanga, kwenye nyumba wasiyoijua. Usiifungue tena folda hiyo, usinakili faili hata moja, usimwite jirani aje kushangaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi iliyokusanya taarifa hizo ndiyo iliyopaswa kuzifuta kabla mashine haijatoka mlangoni. Kama jina la ofisi linaonekana mle ndani, wapigie simu, waambie ulichokikuta na kwamba unakifuta. Kompyuta za ofisi huuzwa kwa mafungu. Nyingine zilizotoka na yako siku ile huenda ziko mezani kwa watu wengine zikiwa hivyo hivyo, na ofisi ndiyo inayojua zilikuwa ngapi.

Nimekaa kwenye meza ya ufundi Kariakoo tangu mwaka 2009, na jambo hili linaniuma kuliko mengine yote ya kazi yangu. Mwaka 2017 kijana mmoja aliniletea CPU, yaani boksi kuu la kompyuta, aliyoinunua mnadani, akitaka nimpigie Windows. Nikaiwasha kuangalia hali ya hadidiski, na pale pale mbele ya skrini kulikuwa na orodha ya wagonjwa wa zahanati moja, jina, umri na majibu ya vipimo. Macho yangu yaliangukia mstari mmoja tu, na mtu wa mstari ule nilimjua. Nilizima skrini. Yule mama tunasalimiana sokoni mpaka leo, ananiuliza hali ya watoto, na hajui kwamba najua. Tangu siku ile hakuna mashine inayopita mezani kwangu bila kufutwa kwanza, hata mteja akiniambia ana haraka.

Na kufuta siyo kutupa kwenye kapu la taka, wala siyo kufomati kwa haraka. Kufomati kwa haraka ni kama kung'oa vibao vya mtaa: nyumba zote zimebaki mahali pake, na mwenye programu ya kurejesha faili atazipita moja moja. Kinachotakiwa ni kuandika sifuri juu ya kila sehemu ya diski. Kama una flashi ya kusimika Windows, washa mashine kwa flashi hiyo, na ukifika ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Dirisha jeusi litafunguka. Andika diskpart, kisha list disk. Hapa tulia. Utaziona diski zote pamoja na ukubwa wake. Ya kwako ni ile inayokaribia 500GB, nyingine ni flashi yenyewe. Ikiwa ya kwako ni namba 0, andika select disk 0, halafu clean all. Ni lazima neno all liwepo, maana clean peke yake haiandiki sifuri diski nzima. Kwa diski ya 500GB kazi hii inachukua saa moja na nusu, au mbili, na muda wote huo skrini haionyeshi chochote. Usidhani imeganda. Umeme ukikatika katikati, anza upya. Mimi huianzisha usiku, wakati hakuna mtu anayehitaji kitu kingine.

Hapo ofisi imetoka ndani ya kompyuta yako. Sasa twende kwenye mwili wake.

Wiki iliyopita nilifungua 7010 kama hiyo yako. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, nikaivua kava ya pembeni. Feni ya prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta, ilikuwa inazunguka kwa shida. Nilipoitoa, chini yake, katikati ya mapezi ya hitisinki, lile bati la kupoza prosesa, vumbi lilikuwa limeshikamana kama sufi ya mto wa zamani, kipande kimoja kizima cha kijivu nilichokivuta kwa vidole viwili. Ndani yake mlikuwa na bawa la mende na uzi wa zulia. Hewa haikuwa na pa kupita. Ule mvumo unaousikia ni wa feni inayojitahidi kupoza prosesa kupitia blanketi.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe barazani, mchana, na brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijawahi kupakia rangi. Ukiwa na bloa ni vizuri zaidi, lakini shika feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu inaharibika na inaweza kusukuma umeme kurudi kwenye ubao. Pawasaplai, lile boksi la bati linalopokea waya wa umeme, lipulizie kutoka nje tu. Usilifungue kabisa: kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Ile pesti ya kati ya prosesa na hitisinki, kwa mashine ya umri huu, kwa kawaida imekauka na kuwa kama chokaa. Ifute kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, uweke mpya kiasi cha punje ya choroko, urudishe hitisinki na kukaza skrubu kwa kupishana kona, siyo upande mmoja kwanza. RAM nazo, zile kadi ndefu za kumbukumbu, zitoe, usugue taratibu yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli cha mwanao, uyafute, uzirudishe mpaka zilie tak. Mashine nyingi ninazoletewa kwa maelezo kwamba "imekufa, inalia tu" hupona kwa kifutio cha shilingi mia mbili.

Ukiwa bado umefungua, tafuta kwenye ubao betri ya duara kama sarafu. Imeandikwa CR2032, ni ya volti 3, na wauza saa wanazo. Hiyo ndiyo inayoweka saa ya kompyuta ikiwa haina umeme, na ya kwako imeisha. Kuhusu kurasa zinazokataa, sababu ni hii: kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini tuko mwaka 2013, inaona cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, na inakataa kukuunganisha kwa kukulinda. Badilisha betri, rekebisha tarehe mara moja, basi.

Dakika sita za kuwaka ni za hadidiski. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kichwa kinachokwenda huku na huku kutafuta vipande vya faili. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka. Kama una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu katika kompyuta hii, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, 240GB au 256GB inawatosha. Pesa ya pili iende kwenye RAM: ongeza 4GB iwe 8GB. Chukua kipande kimoja kutoka kwenye mashine uende nacho dukani kama kielelezo, kwa sababu yako inatumia DDR3 na ukipewa DDR4 haitaingia. Usinunue kioo kipya, usinunue kibodi yenye taa. Watoto watakuomba, waambie fundi amekataa.

Hadidiski ya zamani, sasa ikiwa tupu, ibakize kama ghala la pili la picha na video, ila ipime kwanza. Kwenye Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha saa ambazo diski imefanya kazi; kwenye Linux Mint nitakayoitaja chini, programu yake ya Disks inaonyesha hayo hayo. Ofisi inayowasha mashine saa 9 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inafikisha saa 2,250 kila mwaka. Ukikuta 15,000 usishtuke, ni mfanyakazi wa miaka sita au saba. Kinachonitisha mimi ni mstari wa Reallocated Sectors, yaani sehemu za diski zilizoharibika. Ukiwa na namba zaidi ya sifuri, na mwezi ujao namba hiyo imeongezeka, diski inakufa. Usiiwekee picha ya harusi ya mtu.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakujia: mfumo gani? Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na yako ni ya kizazi cha tatu. Yupo fundi atakayekuambia anaweza kukupigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi huo. Anaweza kweli. Lakini Microsoft haijakuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na mara nyingi fundi huyo huyo ataiwasha leseni kwa programu ya wizi, ambayo ni mlango wa virusi. Umetoka kufuta siri za watu. Usiingize mwizi kwa mlango wa nyuma.

Mimi ningekuwekea Linux Mint, mfumo wa kuwekwa badala ya Windows. Ni ya bure kihalali, inatosheka na RAM ya 4GB na kwa 8GB inateleza, na toleo la 22 limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029. Inakuja na LibreOffice, ambayo inaandika barua na majedwali na kufungua faili za Word. Nakusihi jambo moja: kazi ya kwenda kuchapishwa steshenari ihifadhi kama PDF. Ukipeleka faili ya LibreOffice ikafunguliwa kwenye Word, majedwali yanaweza kuhama, na mtoto atalia saa mbili asubuhi akiwa na sare ya shule. Jifungulie akaunti yako yenye mamlaka ya kusimika programu, na watoto uwape akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka hayo. Nywila ya kwako usiwaambie, hata huyo wa kidato cha pili, ambaye ndiye atakayeiomba kwa upole zaidi.

Intaneti utapata kwa simu yako. Hiyo CPU huenda haina Wi-Fi, lakini ukiunganisha simu kwa kebo yake ya USB na kuruhusu kushirikisha mtandao, kompyuta inapokea bila kununua kifaa chochote. Ili bando lisiishe, vizito vipakue mara moja mahali penye Wi-Fi ya bure: programu ya Kiwix inakupa Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, na programu ya Kolibri ina masomo na mazoezi yanayofanya kazi bila intaneti. Vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kuhusu LUKU, nimekupigia hesabu. CPU hiyo kwa kazi za kuandika na kusoma, pamoja na skrini ya mraba, zinakula kama wati 60 hivi. Saa nne kwa siku ni karibu robo uniti, yaani uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Kama uko kwenye daraja la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75, ziweke hesabuni kabla friji halijakumalizia.

Dada, mimi niko Ubungo, natafuta kompyuta ya mezani iliyotumika. Dukani wanawasha, wananionyesha skrini imewaka, basi. Nikague nini kabla sijatoa hela?
Kijana wa Ubungo

Mdogo wangu, usikague jina la mashine, kagua prosesa. Dell walitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, kisha mwaka 2023 wakatoa nyingine kwa jina lile lile ikiwa na prosesa za kizazi cha kumi na tatu. Soma namba baada ya kistari: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8500 ni cha nane. Ukiweza kufikia cha nane, fikia, kwa sababu hapo Windows 11 inakubali.

Halafu mwombe muuzaji aizime na kuiwasha tena, wewe ukigonga F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkCentre za Lenovo. Utaingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe. Ikikudai nywila, mwambie aiondoe mbele yako, na kama hawezi, ondoka. Mashine yenye nywila ya ofisi ya watu huwezi kuimiliki sawasawa, na huenda haikutoka huko kwa njia nzuri. Ukiingia salama, soma hapo kiasi cha RAM na jina la diski, usiamini kibandiko. Iache ikiwaka dakika kumi huku mnaongea bei, uisikilize. Mkwaruzo wa tik-tik kutoka kwenye diski ni bei ya diski nyingine.

Na geuza mgongo wake uangalie pawasaplai. Baadhi za zamani, hasa za kutoka Marekani, zina swichi nyekundu ndogo iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mwaka 2011 nilichomeka moja iliyokuwa imekaa kwenye 115 bila kuangalia. Ulitoka mlio kama fataki, moshi, na duka zima likanuka kuungua. Mashine ilikuwa ya mama aliyekuwa anafungua steshenari Mbagala, na alikuwa amesimama pale pale ananiangalia. Nilimlipa pawasaplai mpya kwa awamu tatu. Sasa ndilo jambo la kwanza ninalolitazama, kabla hata ya kusalimiana na mashine.

Nimestaafu ualimu, niko Kigamboni. Mwanangu ameniwekea kompyuta ya ofisi iliyotumika, na UPS yake, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, imetoka huko huko. Umeme ukikatika UPS inalia na kompyuta inazimika hapo hapo. Pia nikichapisha kwa printa ya leza, UPS inapiga kelele. Je, nayo ni mbovu?
Mwalimu mstaafu, Kigamboni

Shikamoo mwalimu. UPS yako ni nzima kwa dalili hizo, betri yake ndiyo iliyochoka. Ofisi nyingi huuza UPS pale betri inapoisha, na kwa UPS ndogo ndani mna betri moja ya volti 12, mara nyingi ya 7Ah, inayobadilishwa peke yake. Izime UPS, ichomoe ukutani, fungua kifuniko cha chini, soma maandishi ya betri na ununue inayofanana nayo. Ukiichaji usiku mzima itakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima taratibu, na hiyo tu ndiyo kazi yake. Usitegemee kuandika sura nzima ya kitabu umeme ukiwa umekatika.

Printa ya leza iondoe kabisa kwenye UPS, uichomeke ukutani. Ndani yake mna rola inayopashwa moto kila inapochapisha, na kwa sekunde hizo inavuta umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza kubeba. Hicho ndicho inachokupigia kelele. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, chomeka kompyuta mahali ambapo upepo wa chumvi hauingii moja kwa moja dirishani, na ukiweza mruhusu mwanao aifungue kila baada ya miezi mitatu aangalie kutu kwenye skrubu na soketi. Betri ya zamani ina risasi ndani, isiende jalalani. Mpelekee muuza betri za magari, muulize kama anazikusanya.